Namna ya Kuchagua Kati ya Maneno ya Kiingereza Yanayokaribiana Maana

Mtu anayeandika kwa Kiingereza jijini Dar es Salaam, awe karani wa kampuni ya uwakala wa forodha karibu na bandari, mwanachuo anayeandaa ripoti ya mafunzo kwa vitendo, au mwenye nyumba ya wageni anayewajibu wateja wa ng'ambo kwa barua pepe, mara nyingi tatizo lake si kukosa neno. Anayo mawili au matatu, yote ameshayaona yakitumika, na kamusi ya Kiswahili na Kiingereza inampa yote kwa mkupuo bila kumweleza lipi ni la wapi. Hapo wengi huchagua kwa sikio, na wengine huchagua lile lililo refu zaidi kwa kudhani kwamba urefu wa neno ni adabu. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine. Msingi wake ni kwamba tofauti ya maneno mawili yanayokaribiana, mara nyingi, haimo katika maana yake ya kamusi. Imo katika sentensi ambayo kila neno huitaka. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inakutaka uishike sentensi nzima kwanza, ndipo uamue neno.

Hatua ya kwanza: Eleza tukio kabla ya kutafuta neno

Kabla ya kufungua kamusi, andika kwa Kiswahili, kwa mstari mmoja, nani anafanya nini, kitu kinatoka kwa nani kwenda kwa nani, na lini. Neno la Kiswahili peke yake halitoshi kuwa kianzio. Chukua kitenzi kuazima: anayesema "niazime baiskeli yako" na anayesema "nimeazima baiskeli kwa jirani" wametumia kitenzi kilekile, ingawa mmoja anataka mwenzake atoe na mwingine ameshapokea. Kiingereza hakiruhusu hivyo. Tendo la mwenye kitu ni "lend" na tendo la mpokeaji ni "borrow", kwa hiyo bila kujua kitu kinaelekea wapi huwezi kuchagua sawasawa.

Sarufi yetu yenyewe inatoa msaada mkubwa hapa, na nashangaa kwamba hautajwi mara nyingi darasani. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Kujifunza ni "learn", kufundisha ni "teach". Kuona ni "see", kuonyesha ni "show". Kula ni "eat", kulisha ni "feed". Kiambishi cha kusababisha, ambacho sisi tunakipachika mwishoni mwa kitenzi bila hata kufikiri, kwa Kiingereza mara nyingi huleta neno jipya kabisa ambalo halifanani na la kwanza. Ukiona kitenzi chako cha Kiswahili kina umbo hilo, simama na ujiulize kama neno la Kiingereza ulilonalo ni la anayetenda mwenyewe au la anayemfanya mwingine atende. Sentensi kama "Please remember me about the meeting" hutokana na kuruka swali hilo, kwa maana anayetaka kukumbushwa anahitaji "Please remind me about the meeting".

Katika habari za nyumba hali inageuka, kwa sababu hapo Kiswahili ndicho chenye maneno mawili na Kiingereza kinatumia moja. Sisi tunatenganisha kupanga na kupangisha, lakini "rent" inatumika kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba vilevile. Ukiandika "I rent a room in Sinza", wasomaji wengi watakuelewa kuwa wewe ni mpangaji. Kama nyumba ni yako, andika "I rent out a room in Sinza", na hapo hakuna atakayekosea. Kwa gari au ukumbi unaoutaka kwa siku moja au mbili, Waingereza husema "hire" na Wamarekani husema "rent", na kwa mkataba wa muda mrefu wenye masharti yaliyoandikwa, kama wa kiwanja au jengo la ofisi, neno ni "lease".

Hatua ya pili: Tafuta mahali neno moja la Kiswahili linapogawanyika

Yapo maneno yetu machache, ya kila siku kabisa, ambayo hubeba maana mbili au tatu ambazo Kiingereza huzitenga. Hayo ndiyo yanayozaa makosa mengi kuliko msamiati mgumu wa vitabuni, na inafaa kuyashughulikia moja moja kwa utulivu.

La kwanza ni bado. Tunasema "bado yuko ofisini", tukimaanisha kwamba jambo linaendelea, na hiyo ni "still": "He is still in the office". Tunasema pia "bado" kama jibu fupi, tukimaanisha kwamba jambo linalotazamiwa halijatokea, na hiyo ni "not yet". Tabu huanza katika sentensi ya kukanusha, kwa sababu "bado hatujapokea malipo yako" inaweza kuandikwa kwa njia mbili, na zote ni sahihi kisarufi. "We have not received your payment yet" inaeleza hali ilivyo, bila lawama. "We still have not received your payment" inamwambia mteja kwamba umesubiri kupita kiasi na uvumilivu unakwisha. Karani anayemwandikia mteja mwema barua ya kwanza ya ukumbusho hapaswi kutumia ya pili, na anayeandika barua ya tatu anaweza kuitumia kwa haki. Kwa maswali, "Have you finished yet?" ni kuuliza tu, ilhali "Have you finished already?" inaonyesha kwamba umeshangazwa na wepesi wa mwenzako.

La pili ni mpaka, pamoja na mwenzake hadi. Tangazo linalosema kwamba fomu zipokelewe hadi Ijumaa linaweza kumfanya mwandishi achague "until Friday" mahali ambapo linahitajika "by Friday". Jiulize kama kitenzi chako ni tukio la mara moja au ni hali inayodumu. Kuwasilisha fomu hutokea mara moja, wakati wowote kabla Ijumaa haijaisha, kwa hiyo ni "Submit the form by Friday". Kufunguliwa kwa ofisi ni hali inayoendelea siku zote hizo, kwa hiyo ni "The office is open until Friday". Ukikanusha, "until" hueleza wakati ambao jambo litaanza kutokea: "The results will not be out until Friday" maana yake ni kwamba matokeo yatatoka Ijumaa na si kabla. Na kama hadi yako ni ya mahali, achana na "until" kabisa, kwa kuwa neno hilo ni la wakati. Basi linalokwenda hadi Mbagala huenda "to Mbagala", au "as far as Mbagala" ukitaka kuonyesha kwamba halivuki hapo. Hadi ya idadi ni "up to", kama katika "up to 30 passengers".

Tangu na kwa muda wa hazina ugumu mkubwa mradi ukumbuke kwamba "since" hufuatwa na nukta ya kuanzia na "for" hufuatwa na kipimo cha muda. Mabasi yaendayo haraka yamekuwapo "since 2016", na anayeishi Kimara anaweza kusema ameyapanda "for many years". Anayeandika "since five years" amechanganya nukta na kipimo.

Pole na samahani yanahitaji uangalifu zaidi, maana hapa kinachoweza kuharibika ni uhusiano wa watu. Kwetu maneno haya yako mbali kabisa, na hakuna anayemwambia mfiwa samahani kwa kumfariji. Kiingereza huyabeba yote mawili kwa "sorry". Mkazi wa Dar es Salaam akimwona mgeni amejikwaa kwenye kivuko cha Kigamboni atasema "Sorry!" akimaanisha pole, na mgeni kutoka Uingereza anaweza kumjibu kwamba kosa si lake, kwa sababu yeye amesikia akiombwa radhi. Kinachotenganisha maana hizo ni maneno yanayofuata. Ukitaka kutoa pole, malizia sentensi: "I am sorry to hear that" au "I am sorry about your father", na kwa aliyejikwaa, "Are you all right?" inatosha na inaeleweka. Ukiomba radhi, taja kosa: "I am sorry I am late". Barua ya ofisi inayoomba radhi kwa kosa hutumia "We apologise for the delay". Usiichanganye na "We regret to inform you", ambayo haiombi radhi kwa kosa lolote bali hutangulia habari mbaya, kama vile kumweleza mtu kwamba ombi lake limekataliwa. Kwa rambirambi zipo njia mbili kuu: "Please accept my condolences" ni rasmi na inafaa kwa taasisi, na "I was very sorry to hear of your mother's death" ina ukaribu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kwa mtu unayemfahamu kwa sura. "Excuse me" hutangulia usumbufu, kwa mfano unapomkatiza mtu maneno au unapoomba kupita kwenye daladala iliyojaa. Ukishamkanyaga mtu, useme "sorry". Wamarekani wengi hutumia "excuse me" hata baada ya kumgonga mtu, ila shuleni kwetu tumefundishwa kwa desturi ya Uingereza, na ni vema kubaki nayo.

Kuomba nako kunagawanyika katika njia nyingi. Kuomba Mungu ni "pray", kuomba kazi ni "apply for a job", kuomba ruhusa ni "ask for permission", kuomba radhi ni "apologise", na kuomba barabarani ni "beg". Anayeandika "I am asking a job at your company" ametafsiri kitenzi bila kutazama kinachoombwa. Jihadhari pia na "demand", ambayo iko karibu zaidi na kudai kuliko kuomba, kwani barua ya likizo yenye neno hilo itasomwa na mwajiri kama vitisho.

Foleni ya watu benki ni "queue", na foleni ya magari Ubungo ni "traffic jam" au, kwa hali ya jumla, "heavy traffic". Safari nayo ina tahadhari yake ya pekee. "Trip" ni kwenda na kurudi kwa shughuli fulani, kama "a business trip to Dodoma". "Journey" ni mwendo wenyewe kutoka mahali pamoja hadi pengine, kwa hiyo ukitaka kueleza jinsi treni ya umeme ilivyofupisha mwendo, andika "The journey from Dar es Salaam to Dodoma is now much shorter". "Voyage" ni safari ndefu ya baharini au ya anga za juu, na kivuko cha Kigamboni hakistahili neno hilo. Neno letu lenyewe, safari, liliingia katika Kiingereza katika karne ya 19, na huko leo watu wakilisikia hufikiri kwanza kutazama wanyama porini. Kwa hiyo ukimwandikia Mwingereza kwamba ulikuwa na "safari" ya Morogoro, ataelewa kwamba ulikwenda Mikumi, hata kama ulikwenda msibani.

Hatua ya tatu: Tazama mtendwa anakaa wapi ndani ya sentensi

Hatua hii naiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu maneno mengi yanayokaribiana hayatofautiani kwa lolote kubwa isipokuwa hapa. Katika Kiswahili, mtu anayetendewa huingizwa ndani ya kitenzi kwa kiambishi: aliniambia, alinieleza, alinionyesha, alinishauri, alinipendekezea. Vyote hivyo vinafanana kwa umbo. Kiingereza hugawa vitenzi hivyo katika makundi. "Tell", "show", "give" na "teach" humpokea mtu moja kwa moja: "She told me the price". "Explain", "describe", "suggest" na "say" havimpokei. Ni lazima utangulize "to": "She explained the price to me". Ndiyo maana "She explained me the price" ni kosa, ingawa kila neno ndani yake linaeleweka. Unapochagua kati ya "tell" na "explain", basi, usitazame tu kama ni kuambia au kueleza. Tazama pia kama sentensi yako ina mtu baada ya kitenzi, na uipange upya ikibidi.

"Suggest" na "recommend" zinasumbua zaidi. Huwezi kuandika "He suggested me to wait", bali "He suggested that I wait" au "He suggested waiting". "Advise" humpokea mtu vizuri: "He advised me to wait". Ukitaka kumtaja aliyeshauriwa na jambo alilotakiwa kufanya kwa sentensi nyepesi, "advise" itakuhudumia kuliko wenzake. Kwa mtindo huohuo, kuhakikisha kunagawanyika: "assure" hutaka mtu, "ensure" hutaka jambo, na "insure" ni ya bima. "I assure you that the goods will arrive" ni kumpa mtu hakikisho. "We will ensure that the goods arrive" ni kuahidi utafanya kazi ya kuzifikisha.

Kuibiwa kunahitaji aya yake, maana wengi hulihitaji neno hili wakiwa na haraka na huzuni. Tunasema "niliibiwa simu Kariakoo", na mtu ndiye kiima cha sentensi. Kwa Kiingereza, "steal" hufuatwa na kitu kilichochukuliwa na "rob" hufuatwa na mtu, duka au benki iliyochukuliwa mali. "I was stolen my phone" haiwezekani. Andika "My phone was stolen in Kariakoo". Ukiandika "I was robbed", msomaji atafikiri kwamba ulitishiwa au ulitumiwa nguvu, na kama maelezo hayo yanakwenda polisi au kwa kampuni ya bima, tofauti hiyo ina uzito. Kushinda nako hufuata kanuni hiyohiyo: "win" hufuatwa na mchezo au kombe, "beat" hufuatwa na aliyeshindwa. Taifa Stars "won the match", na kwa tukio hilohilo Taifa Stars "beat the visitors".

Vihusishi ni sehemu ya hatua hii. Tunajadili kuhusu jambo, lakini "discuss" haitaki "about", na kama unataka kutumia "about", chagua "talk about". Kitenzi "request" hakitaki "for", ingawa nomino yake huitaka: "I am requesting leave" na "my request for leave" zote ni sahihi, lakini "I am requesting for leave", ambayo imeenea sana katika barua za ofisini mwetu, si sahihi. Kama sikio lako linang'ang'ania "for", tumia "ask for". "Reach" huenda moja kwa moja kwenye mahali, na "arrive" huhitaji "in" kwa mji na "at" kwa jengo au kituo.

Tungo fupi zinazofanana hutenganishwa na neno hilohilo dogo. Kivuko kikiondoka saa iliyopangwa kimeondoka "on time". Abiria aliyefika kabla hakijaondoka amefika "in time". "At the end" hutaja mwisho wa kitu kinachofuata, kama "at the end of the month", na "in the end" ni sawa na hatimaye. "I used to live in Temeke" inasema kwamba niliishi huko na sasa siishi. "I am used to living in Temeke" inasema kwamba nimezoea kuishi huko.

Hatua ya nne: Uliza kama neno linahesabika

Kwetu vifaa, mizigo, taarifa na samani hupokea idadi bila shida. Kwa Kiingereza "equipment", "luggage", "information", "furniture", "advice" na "research" hayana wingi wala hayatanguliwi na "a". Ukilazimika kuhesabu, badili neno: badala ya "advice" sema "two suggestions", badala ya "luggage" sema "three bags", badala ya "work" sema "two jobs". Wakati mwingine hiyo ndiyo sababu pekee ya kuchagua neno moja na kuacha jingine.

Hatua ya tano: Jua neno hukaa na majirani gani

Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha na tunapiga kura, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayeuliza ni nani anayepigwa. Maneno hayo yameungana kwa desturi. Kiingereza kina miungano yake, na haifuati yetu. Kufanya ni "make" pale ambapo kitu kinazaliwa na tendo hilo, kama uamuzi, kosa, ahadi, faida au lalamiko, na ni "do" pale ambapo tendo lenyewe ndilo kazi, kama utafiti, biashara, hisani au kazi ya nyumbani ya mwanafunzi. Kanuni hiyo hufika nusu ya njia tu. Mengine ni ya kujifunza pamoja na jirani yake: mtihani ni "take" au "sit", hotuba ni "give", mvua kubwa ni "heavy rain", upepo mkali ni "strong wind", na chai iliyokolea ni "strong tea". Kwa hiyo unapojifunza neno jipya, usiliandike kwenye daftari likiwa peke yake. Liandike pamoja na neno lililokuwa karibu nalo ulipolikuta.

Maneno ya malipo ni nafuu, kwa kuwa Kiswahili kimeyatenga karibu vilevile. Bei ni "price", nauli ni "fare", ada ni "fee", gharama ni "cost", na tozo ya huduma, kama ile ya benki, ni "charge". Malipo ya gari kwa kuvuka Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni ni "toll", na ya abiria wa kivuko ni "fare".

Hatua ya sita: Pima uzito wa neno

Kiingereza kina matabaka. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya watawala na mahakama ilikuwa Kifaransa, na lugha ya kanisa na elimu ilikuwa Kilatini, huku watu wa kawaida wakiendelea na lugha yao. Ndiyo sababu leo yapo maneno mawili au matatu kwa jambo moja: "ask", "question" na "interrogate", "begin" na "commence", "buy" na "purchase", "help" na "assist", "end" na "terminate". La kwanza huwa la nyumbani na la karibu. Yanayofuata yana sauti ya ofisi, sheria au kitabu. Msemaji wa Kiswahili analielewa jambo hili kwa urahisi, kwa sababu anajua kwamba kufa, kufariki na kuaga dunia si maneno ya kutumika ovyo ovyo, na kwamba la kwanza akiambiwa mfiwa litamuumiza. Kwa Kiingereza pia, daktari ataandika "died" kwenye cheti na jirani atasema "passed away" msibani.

Lakini desturi za lugha hizi mbili hazilingani, na hapa wengi wetu hukosea kwa nia njema. Barua zetu za Kiingereza hupenda neno zito kwa imani kwamba ndilo lenye heshima. Waingereza wa leo huona kinyume: mwongozo wa uandishi wa serikali ya Uingereza kwa tovuti yake unawataka waandishi watumie "buy" badala ya "purchase" na "help" badala ya "assist". Heshima kwa Kiingereza hubebwa zaidi na muundo wa ombi kuliko na urefu wa neno. "Could you please help me with this form?" ni ya adabu kamili, na "Kindly assist me" inaweza kusikika kama amri iliyofunikwa. Ninamshauri kila anayeandika barua ya kuomba kazi achague neno jepesi, isipokuwa pale taaluma yake inapolitaka zito, kwa mfano "terminate" kwa mkataba na "interrogate" kwa mtuhumiwa mikononi mwa polisi.

Hatua ya saba: Sikiliza sifa na lawama

Maneno mawili yanaweza kutaja kitu kilekile, moja likisifu na jingine likilaumu. Mwili mwembamba ni "slim" ukiusifu, "thin" ukieleza tu, na "skinny" mara nyingi ukiukosoa. Mwenye vyumba vya kupangisha anayetangaza "cheap rooms" anaweza kueleweka kwamba vyumba ni duni, ilhali "affordable rooms" inazungumzia mfuko wa mteja bila kugusa hadhi ya chumba.

Hatari zaidi ni pale ambapo sifa ya kwetu ni lawama ya kwao. Kumwambia mtu amenenepa, baada ya kutoonana kwa muda, kwetu kunaweza kuwa salamu njema. Kwa Kiingereza "You have become fat" ni tusi, na "You have put on weight" si bora sana. Sema "You look well", ambayo hubeba nia ileile. Mzee vilevile ni heshima kwetu, lakini "old man" haina heshima hiyo. Kwa watu wenye umri mkubwa andika "older people" au "elderly people", na unapomsemesha mmoja wao, "sir" au "madam" inafaa.

Hatua ya nane: Tafuta ushahidi kabla ya kutuma

Baada ya hatua hizo utakuwa na sentensi yenye neno unaloliamini nusunusu. Anza na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, kwa maana hiyo huonyesha kama nomino inahesabika, kitenzi kinafuatwa na nini, na neno ni rasmi au la mtaani. Kadhaa zipo bure mtandaoni, na asiye na bando anaweza kuuliza kamusi za kuchapwa Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Soma mifano kabla ya maana, kwa kuwa mifano ndiyo inayoonyesha sentensi ambayo neno linaitaka. Orodha za visawe zitumie kujikumbusha neno unalolijua tayari, na usichukue humo neno ambalo hujawahi kuliona likitumika.

Kisha tafuta tungo yako mtandaoni ukiiweka ndani ya alama za kunukuu, ili upate tungo yenyewe na si maneno yaliyotawanyika. Usihesabu matokeo tu. Tazama ni nani walioandika. Tungo yenye kosa inaweza kupatikana katika kurasa nyingi za watu wanaojifunza kama wewe, na isionekane kabisa katika magazeti ya London. Aliye na muda anaweza kutumia British National Corpus, mkusanyo wa takriban maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza cha mwishoni mwa karne ya 20, ambamo utaona neno limezungukwa na majirani gani. Au Google Ngram Viewer, ambayo hulinganisha mara ngapi tungo mbili zimechapwa vitabuni mwaka hadi mwaka, na hukuruhusu kuchagua Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani. Mashine za kutafsiri zitumie kwa tahadhari, kwa sababu huwa zinakupa neno moja bila kukueleza kwa nini zimeliacha jingine.

Ikiwa baada ya yote hayo bado unasita, liache neno hilo na uandike upya kwa maneno unayoyamudu. Aliyekwama kati ya "propose", "suggest" na "recommend", kwa kutokumbuka kila moja linafuatwa na nini, anaweza kuandika "The committee says we should open on Saturdays", na wajumbe wote wataelewa walichoamua.